Maji ni Ungo, Barafu ni Gunia: Maswali Yenu Kuhusu Dhahabu ya Mabondeni

Toleo lililopita tulichapa habari fupi ya dhahabu ya mtoni, na ndani yake tukasema kwamba katika nchi za baridi "barafu nayo imo". Maneno hayo matatu yametuletea barua nyingi kuliko habari nzima. Tumechagua saba, karibu zote za Tanga na Bagamoyo.

Tukisema "mto wa barafu" hatuna maana ya mto ulioganda. Ni theluji iliyolundikana mlimani miaka na miaka, ikashindiliwa na uzito wake yenyewe mpaka ikawa barafu ngumu, kisha ikaanza kuteremka bondeni polepole: sentimita chache kwa siku, na mahali pengine mita kadhaa. Wapo wanaoiita barafuto.

Mwalimu wetu wa jiografia anasema mto wa barafu hukwangua mlima na kushusha dhahabu bondeni. Rafiki yangu anasema dhahabu ya mtoni ni kazi ya maji peke yake. Nani ana haki?
*Mwanafunzi wa kidato cha sita, Tanga mjini*

Mwalimu ana haki kwenye kushusha, rafiki yako ana haki kwenye kukusanya. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo habari yote.

Anza na maji. Dhahabu safi ni nzito mara 19.3 kuliko maji, na kwazi, lile jiwe jeupe ambalo dhahabu hupenda kukaa ndani yake, ni zito mara 2.65. Nchi kavu, kwa hiyo, punje ya dhahabu huishinda punje ya kwazi ya ukubwa uleule karibu mara 7. Zitumbukize mtoni uone. Kila kitu ndani ya maji hupunguziwa uzito wa maji kiliyoyasukuma: dhahabu inabaki na 18.3, kwazi inabaki na 1.65, na tofauti inaruka kuwa mara 11. Maji yanayokwenda kasi huinua kwazi na kwenda nayo, dhahabu huifikisha nyuma ya jabali, kwenye upande wa ndani wa kona ya mto au ndani ya ufa wa mwamba, na hapo huiacha. Mafuriko yanayofuata hupepeta tena. Ni ungo ule ule wa mama jikoni, wishwa huku na chenga kule, ila unapepetwa miaka elfu na elfu.

Barafu haina ungo. Jabali la ukubwa wa nyumba na chembe ya dhahabu usiyoiona kwa macho husafiri pamoja ndani yake, kwa mwendo mmoja, kama mzigo ndani ya gunia lililoshonwa mdomo. Barafu inapofika chini penye joto na kuyeyuka, gunia linamwagwa palepale: mfinyanzi, mchanga, kokoto na majabali, vyote vimechanganyika. Rundo hilo tutaliita kifusi cha barafu. Dhahabu inaweza kuwemo, lakini imetawanywa kama chumvi iliyoanguka kwenye debe la unga.

Na kabla ya kumwaga, barafu huwa imeharibu. Dhahabu ya mto wa kale hukaa chini kabisa, juu ya mwamba na ndani ya nyufa zake. Hapohapo ndipo mto wa barafu unapokwangua kwa mawe uliyoyabeba tumboni, ukiligeuza bonde jembamba la umbo la V kuwa pana la umbo la U. Hazina iliyokusanywa na mto kwa miaka laki kadhaa hung'olewa, huchanganywa na mawe matupu na kusambazwa kilomita nyingi. Huko Indiana, Marekani, vijito vina chembe za dhahabu zilizoletwa na barafu kutoka upande wa Kanada, mamia ya kilomita kaskazini. Dhahabu ni ya kweli, ila ni unga mwembamba, na hakuna aliyejenga mgodi wa maana juu yake.

Sasa rudi kwa maji, maana hayajamaliza. Chini ya barafu inayoyeyuka hutoka mto mweupe kama tui, na weupe wake ni unga wa mawe yaliyosagwa. Maji hayo yana nguvu, yanagawanyika vijito vingi vinavyohamahama, na yanaosha kile kifusi upya. Kokoto kubwa hubaki karibu na mdomo wa barafu, mchanga huenda mbele zaidi, mfinyanzi huenda mbali kabisa. Dhahabu nene nayo hubaki karibu, ikiambatana na kokoto kubwa. Uwanja wa kokoto wa namna hiyo ndio uliochimbwa huko Breckenridge, Colorado, kwa mashine zinazoelea zenye mnyororo wa ndoo, kuanzia mwaka 1898. Milima ya mawe waliyoyatema ingali imepangana kando ya mito. Pwani ya Magharibi ya Kisiwa cha Kusini, New Zealand, watu walimiminika miaka ya 1864 na 1865 kwa sababu hiyohiyo: mito na bahari vilikuwa vimeosha upya kifusi cha barafu.

Bahari nayo ni ungo. Huko Nome, Alaska, mito ya barafu ilisukuma kifusi chenye dhahabu mpaka baharini, mawimbi yakakiosha, na mwaka 1899 watu wakawa wanachota dhahabu kwenye mchanga wa ufukweni kwa koleo na masanduku ya mbao.

Kwa hiyo ukiulizwa kwenye mtihani, andika kwamba barafu hubomoa, hubeba na hufukia, na kwamba anayekusanya ni maji, kabla ya barafu au baada yake.

Mimi ni sonara, Bagamoyo. Nimesikia tangu utoto habari za Klondike, nchi ya barafu tupu iliyojaa dhahabu. Je, barafu ndiyo iliyoitajirisha?

Kinyume chake, fundi. Klondike ilitajirika kwa sababu mito ya barafu haikufika.

Iko Yukon, Kanada, na ni baridi kweli. Lakini mto wa barafu hauhitaji baridi tu, unahitaji theluji nyingi, na theluji hutoka kwenye unyevu wa bahari. Kati ya Klondike na Pasifiki kuna safu ya milima ya St. Elias inayoukamua unyevu huo kabla haujavuka. Katika zama za barafu, wakati karibu nusu ya Amerika ya Kaskazini imelaliwa na barafu, vilima vya Klondike vilibaki wazi, vikavu, na vijito vyake vikaendelea kupepeta bila kusumbuliwa kwa mamilioni ya miaka. Agosti 1896 dhahabu ilipoonekana kwenye kijito kilichokuja kuitwa Bonanza, ilikuwa imelala palepale ilipoachwa na maji.

Hiyo barafu unayoisikia kwenye simulizi za Klondike ni udongo ulioganda. Wachimbaji waliwasha moto usiku kucha kuuyeyusha, asubuhi wakachota tope, wakawasha tena. Usiichanganye na mto wa barafu, ambao hutembea.

Sasa linganisha na Cariboo, katika British Columbia, jimbo jingine la Kanada, ambako barafu ilipita hasa. Kijito cha Williams kilianza kuchimbwa mwaka 1861. Watu walipata dhahabu kiasi kwenye kokoto za juu, wakafika kwenye mfinyanzi mgumu wa rangi ya bluu, wakadhani ndio mwisho wa duara, yaani shimo la kuchimbia. Waliovumilia kuutoboa ule mfinyanzi wakakuta kokoto nyingine chini yake zenye dhahabu nyingi kupita ya juu. Mwaka 1862 Billy Barker alishuka takriban mita 16 kabla ya kufikia mali, na mji wa Barkerville ukapata jina lake.

Kilichotokea ni kwamba mfinyanzi wa bluu ulikuwa umeletwa na barafu. Chini yake ulikuwepo mto wa zamani, mzima. Kwa nini haukukwanguliwa? Mabonde yaliyosalimika huwa membamba na yaliyokaa kukingama na njia ya barafu. Barafu huyajaza kifusi, kisha huteleza juu yake, kama gari linalopita juu ya mtaro uliofukiwa. Bonde lililoelekea sawa na mwendo wa barafu halina bahati hiyo.

Mhariri, shikamoo. Sisi wavuvi wa Pangani tunaona mchanga mweusi ufukweni baada ya kusi kali, na ndani yake kuna vitu vinang'aa. Mto wetu unatoka Kilimanjaro, na Kilimanjaro kuna barafu. Haiwezi kuwa dhahabu imeshushwa mpaka huku?

Marahaba. Swali lako limeunganisha mambo matatu, na uzi unakatika mwanzoni kabisa.

Barafu haitengenezi dhahabu, huchukua iliyopo kwenye mwamba. Kilimanjaro ni volkeno, mawe yake ni ya juzi kwa hesabu za miamba: mlima ulianza kujengeka kama miaka milioni 2.5 iliyopita. Mawe yenye dhahabu ya Geita yana zaidi ya miaka bilioni 2.5. Hakuna mkanda wa dhahabu, yaani mshipa wake ndani ya mwamba, unaojulikana Kilimanjaro, kwa hiyo barafu ya Kibo hata ikikwangua vipi haina cha kushusha.

Hata kama ingekuwepo, ingekwama njiani. Maji ya Kilimanjaro na Meru huingia kwanza bwawa la Nyumba ya Mungu. Mto ukiingia bwawani mwendo unakufa, na vizito ndivyo vinavyotangulia kuanguka. Dhahabu ingekuwa ya kwanza kuzama hapo.

Huo mchanga mweusi ni mali nyingine. Mto Pangani hupokea matawi kutoka Pare na Usambara, milima ya mawe ya kale yenye ganeti na madini ya chuma. Mawe yakioza, punje hizo hushuka mpaka baharini. Mchanga wa kawaida ni kwazi ya 2.65, ganeti inakaribia 4, na yale madini ya chuma, ilmenaiti ni 4.7, magnetaiti 5.2. Kusi ikivuma, wimbi hupanda na nguvu likabeba vyote, likirudi linateremka dhaifu, linachukua chepesi na kuacha kizito. Siku chache za kazi hiyo zinatosha kukuachia mistari myeusi. Pwani ya kati ya Tanga na Pangani imepimwa na watafiti kwa ajili ya ilmenaiti na zikoni, si dhahabu.

Vinavyong'aa karibu hakika ni ulanga. Chukua kidogo kwenye kiganja, kipe kivuli cha mwili wako na ugeuzegeuze mkono. Ulanga humeta na kuzimika kila ukigeuza, dhahabu hubaki na rangi ileile ya njano hata kivulini. Kisha chukua pini. Dhahabu ukiibonyeza huingia ndani kama risasi ya mshipi, ulanga hubanduka magamba. Ikiwa punje ni nene, ya njano, na ikavunjika vipande ulipoibonyeza, hiyo ni pairaiti, madini ya njano yanayofanana na dhahabu. Ikwaruze nyuma ya kigae cha ukutani, upande usio na rangi: itaacha mstari mweusi. Dhahabu ingeacha mstari wa njano.

Nafundisha shule ya msingi Muheza. Ninawezaje kuwaonyesha watoto kwamba barafu haipangi mawe na maji hupanga, bila vifaa vya maabara?

Utahitaji friza ya mtu anayeuza ukwaju wa barafu, na asubuhi moja.

Kata waya wa kufungia nondo vipande vya milimita 3, vipande 100. Hivyo ndivyo "dhahabu" yako: chuma ni kizito mara 7.9 kuliko maji, kinatosha kuonyesha tofauti, na utaweza kukihesabu kwa sumaku. Changanya vikombe 4 vya mchanga, kikombe 1 cha kokoto ndogo na kikombe 1 cha mfinyanzi mkavu uliopondwa, kisha vipande vya waya. Mchanga wa pwani yetu upitishie sumaku kwanza, mara mbili au tatu, maana ule mweusi utaning'inia kwenye sumaku na kukuharibia hesabu.

Hapa ndipo wengi hukosea: wanajaza maji mpaka mchanganyiko unakuwa uji. Waya unazama chini ya kopo kabla haujaganda, na umeshapangwa na maji yale ambayo ulitaka yaje baadaye. Weka vikombe viwili tu, kidogo kidogo, mpaka ushike kama ugali mgumu. Shindilia ndani ya kopo la lita mbili na ugandishe usiku kucha.

Asubuhi litoe donge uliweke kwenye kichwa cha ubao wa mita 1.2 uliopigiwa mbao za pembeni, na kichwa hicho kikiinuliwa sentimita 10. Weka kivulini, liyeyuke lenyewe. Litabaki rundo. Ligawe mafungu manne kwa upande wa kisu, pitisha sumaku kila fungu na uhesabu. Mtapata idadi zinazokaribiana, ishirini na kitu kila moja, bila mpangilio wowote. Hicho ndicho kifusi cha barafu.

Rudisha kila kitu kwenye rundo, uchanganye. Pigilia vijiti vitatu vya unene wa kidole kukingama ubao, kila sentimita 30. Mimina lita 20 za maji kwa jagi, pole pole, juu ya rundo, mfululizo. Ukimimina kwa pupa utazoa waya na mchanga pamoja, na hilo nalo ni somo, ndivyo mafuriko makubwa yanavyofanya. Hesabuni sasa nyuma ya kila kijiti. Waya mwingi utakuwa nyuma ya kijiti cha kwanza, mchanga utakuwa umeshateremka, na mfinyanzi utakuwa kwenye beseni la chini, maji yamekuwa tui.

Mpwa wangu anafanya kazi British Columbia na ana ruhusa ya kuosha mchanga kwa karai siku za mapumziko. Amezunguka miezi miwili hapati kitu. Bonde lake limepitiwa na barafu. Aanzie wapi? Tafadhali toeni maelekezo kamili, nimtumie.
*Msomaji, Bagamoyo*

Kwanza ahakikishe kipande anachooshea hakina mwenye leseni, kule vipande husajiliwa kama viwanja. Baada ya hapo aache kuchimba popote panapopendeza macho. Katika bonde la barafu uzuri wa mahali haumwambii kitu.

Atafute mwamba ulio wazi na autazame wakati jua liko chini, asubuhi au jioni. Barafu huacha mikwaruzo iliyonyooka, sambamba, kama sakafu iliyoburutiwa kabati. Mikwaruzo inaonyesha mstari barafu iliopitia, nao si lazima uwe mstari wa mto wa leo. Dhahabu ya kifusi ilitoka upande ambao barafu ilitoka, na wenye kufuata mto kwenda juu wakitafuta mkanda huishia kwenye bonde lisilohusika.

Kisha atambue anachokichimba. Kokoto za mto zimepangwa kwa ukubwa, ni mviringo, na katikati yake kuna mchanga safi. Kifusi cha barafu kina mfinyanzi ulioshika kila kitu, mawe ya kila ukubwa pamoja, mengine yana nyuso bapa zenye mikwaruzo. Kwenye kifusi kitupu asipoteze muda wake.

Mahali pa kwanza pa kujaribu ni pale mto wa leo unapokata tuta la kifusi lililokingama bonde, lile tuta ambalo barafu ililiacha iliposimama mara ya mwisho. Mto umeliosha tuta hilo maelfu ya miaka, umeondoa vyepesi na kubakiza majabali. Achukue sampuli kuanzia hapo kwenda chini, mita mia mbili au tatu za mwanzo, upande wa chini wa majabali makubwa. Mahali pa pili ni panapotokea mwamba kwenye sakafu ya mto: nyufa zilizokingama mkondo ndizo zinazonasa. Azikwangue kwa bisibisi iliyopindwa ncha na azoe mpaka vumbi la mwisho kwa brashi. Akigonga mfinyanzi mgumu asikate tamaa upesi wala asishangilie, akumbuke ya Cariboo. Ila kushuka chini ya mfinyanzi ni kazi ya duara lenye nguzo, si ya mtu mmoja na koleo. Kuta za kokoto zilizoloa huanguka bila kubisha hodi.

Fungu la mchanga katikati ya mto lina kanuni yake. Dhahabu ya hapo ni magamba mepesi yanayoletwa na mafuriko na kuachwa juu juu, kwenye kichwa cha fungu, sentimita 10 za juu basi. Akichimba nusu mita atakuwa anaosha mchanga mtupu. Mafuriko yakija yanaichukua na kuleta nyingine, ni ile yetu ya Tanga, waja leo waondoka leo.

Kila mahali achukue ndoo moja ya lita 20, iliyochekechwa kwa matundu ya milimita 12. Ndoo hiyo ina uzito wa kilo 35 hadi 40, kwa hiyo aoshee palepale. Aandike kwenye daftari: wapi, kina gani, chembe ngapi. Ndoo moja haisemi kitu, tano zilizopangwa kukingama bonde zinasema. Chembe zikiongezeka kuelekea ukingo mmoja, huko ndiko mkondo wa zamani ulikokuwa.

Karai liwe la sentimita 35 hadi 40. Likiwa jipya la plastiki, alioshe kwa sabuni na kulisugua kwa mchanga, maana mafuta ya kiwandani huifanya dhahabu ndogo ielee. Vidole vilivyotoka kula chipsi hufanya kazi hiyohiyo mbaya. Ajaze robo tatu, azamishe, afinyange kila donge la mfinyanzi kwa vidole mpaka liishe. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo nadhani yetu ya kwanza kuhusu miezi miwili ya mpwa wako. Mchanga wa bonde la barafu una mfinyanzi mwingi, donge huviringika ndani ya karai kama kashata, hubandika chembe za dhahabu na kutoka nazo nje.

Baada ya hapo atikise karai kulia na kushoto, kwa nguvu, likiwa limelala, nusu dakika nzima, kabla ya kuliinamisha. Dhahabu inahitaji muda kupenya chini. Ndipo ainamishe kidogo, aachie maji yachukue tabaka la juu, alalishe tena, atikise tena. Akifika kwenye kijiko kimoja cha mchanga mweusi asimame. Akaushe, afunge sumaku kwa mfuko wa nailoni, apitishe juu bila kugusa, kisha avue mfuko ili mweusi udondoke pembeni. Chembe zikionekana kuelea, tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo hukata ngozi ya maji na kuzizamisha.

Jambo la mwisho kwake. Wachimbaji wengi huamini kwamba punje yenye pembe kali imetoka jirani, na iliyolainika imetoka mbali. Kwenye mto hiyo ni kweli kwa kiasi kikubwa. Punje iliyosafiri katikati ya barafu haikugongana na kitu, inaweza kutoka kilomita nyingi ikiwa bado na pembe zake na kipande cha kwazi. Asinunue tiketi ya kwenda kutafuta mkanda nyuma ya kilima kwa ushahidi huo tu.

Huku milimani kwetu upande wa Amani kuna majabali ya mviringo katikati ya mashamba, makubwa kuliko basi dogo. Wazee wanasema yaliviringishwa na kitu kikubwa. Ni barafu? Na dhahabu ya vijito vyetu, je?

Usambara haikuwahi kuwa na mito ya barafu katika zama za barafu zilizopita, kilele chake hakifiki hata mita 2,400. Majabali hayo yameozea palepale. Mwamba hugawanyika kwa nyufa kama matofali, maji ya mvua yenye tindikali ya majani hupenya kwenye nyufa, na kona huliwa upesi kwa kuwa hushambuliwa pande mbili au tatu kwa pamoja. Kinachobaki ni kiini cha mviringo. Ligonge kwa nyundo pembeni: litabanduka maganda kama kitunguu. Jabali lililoletwa na barafu halibanduki hivyo, na mara nyingi ni la aina isiyofanana na mwamba lililokalia.

Dhahabu ya vijito vya huko imetoka kwenye mwamba wa hukohuko uliooza, ikashuka mteremko, maji yakapepeta. Lakini Amani ni hifadhi tangu 1997, kuchimba humo ni kosa, na Zigi inayokusanya vijito hivyo ndiyo inayojaza bwawa la Mabayani ambalo mji wa Tanga unakunywa. Zebaki, ambayo wachimbaji huitumia kunasa dhahabu, ikimwagwa juu haipotei. Huzama na mchanga mzito, inalala kwenye vidimbwi vilevile ambavyo dhahabu ingelala, na baadaye huonekana kwenye samaki.

Kwa hiyo Tanzania haina kabisa alama za mito ya barafu, ukiacha kofia ya Kibo?
*Msomaji, Korogwe*

Inazo, za umri wa namna mbili. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, chini sana ya barafu ya leo, kuna matuta ya kifusi yaliyoachwa wakati barafu ilipokuwa kubwa. Anayepanda mlima huyavuka, mara nyingi bila kuambiwa. Barafu yenyewe imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipochorwa kwenye ramani mwaka 1912. Za kale zaidi ziko kusini-magharibi, bonde la Ruhuhu. Chini kabisa ya miamba ya kale iitwayo Karuu, chini ya tabaka za makaa ya mawe, kuna mawe yaliyowekwa na barafu kama miaka milioni 300 iliyopita, wakati nchi hii ilipokuwa karibu zaidi na ncha ya kusini ya dunia. Kifusi hicho sasa ni jiwe gumu, na kokoto zake za kila ukubwa zimeganda ndani ya mfinyanzi vilevile zilivyomwagwa.